Ukuta wa upande wa reli

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ndugu zangu, mafomeni, mainjinia, na nyie vijana mliokaa nyuma huko ambao ndo mtashika nyundo kesho kutwa. Nimeambiwa niongelee kubomoa majengo yaliyoachwa kando ya reli ambayo bado inafanya kazi, basi naomba nianze na bati moja.

Lilikuwa ghala la zamani, matofali ya kuchoma, kenchi za mbao, mabati juu, halijatumika miaka mingi, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa kama mita 6 tu kutoka reli ya kwanza. Siku hiyo tulikuwa tunatoa mabati basi. Ukuta hatujagusa, mashine haijaletwa, ni kazi ya mkono, na kila mtu pale alikuwa anaona hii ndo sehemu nyepesi. Mimi nilikuwa juu na spana, nimefungua bolti tatu za bati la pembeni nimebakiza moja, fomeni akapiga filimbi ya mapumziko nikashuka, nikajiambia nitamalizia nikirudi. Ikapita treni kwenye njia ya karibu, upepo wake ukaingia chini ya lile bati likainuka, likapiga piga mara mbili tatu halafu ile bolti moja ikang'oka, bati likaruka juu ya ukuta likavuka likatua kwenye kokoto, ncha yake imelala juu ya reli ya njia ya pili. Na kwenye njia ya pili kulikuwa na treni inakuja. Dereva aliliona, akapiga honi mfululizo, breki tukazisikia zinalia, lakini hakusimama, hakuweza, treni ikalikanyaga bati ikalikunja ikaliburuta mbali sana ndo ikatulia. Hakuumia mtu. Mimi nimesimama pale na bolti tatu mfukoni, nazipapasa kwa vidole nazihesabu, tatu, narudia, tatu, na ile ya nne sijaiona mpaka leo.

Nimeanza na hili kwa sababu watu wakiuliza hatari ya kazi hii iko wapi wanategemea niseme baruti, au jengo la ghorofa kumi. Huko nako ipo. Ila kinachoifanya kazi hii iwe tofauti na ubomoaji mwingine wowote ni kwamba kitu kikikuponyoka kinadondokea mahali ambapo mtu anakuja kwa kasi na hawezi kukukwepa. Wa barabarani atakata usukani, wa reli hana pa kukata. Treni ikienda kilomita 100 kwa saa, kila sekunde inakula karibu mita 28, ikienda 160 ni mita 44, yaani mpaka umalize kusema "jamani kuna tofali kwenye njia" imeshapita uwanja wa mpira mzima. Na treni ndefu ya mizigo iliyoshiba inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi kusimama hata dereva akifunga breki zote.

Sasa vijana wananiuliza, mzee, si kuna signali? Kitu kikianguka njiani si taa itawaka nyekundu? Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu nimekutana hata na mainjinia wa majengo, watu wazuri kabisa, wanaoamini hivyo. Kwenye njia nyingi mfumo unafanya kazi hivi, umeme mdogo unapitishwa kwenye reli, unaenda na reli ya kushoto unarudi na ya kulia. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake, zile fito zinazoshika gurudumu la kushoto na la kulia, ni chuma, zinaziunganisha reli mbili, umeme unakatiza hapo haufiki mwisho, na mfumo ukiona umeme haujafika unasema njia ina treni, taa ya nyuma inakuwa nyekundu. Nzuri sana. Lakini tofali si chuma. Ukuta mzima wa matofali unaweza kulala juu ya njia, tani na tani za kifusi, na taa ikabaki kijani, labda iwe ule ukuta umeikata reli yenyewe. Lile bati langu lenyewe lilikuwa chuma lakini liligusa reli moja tu, kwahiyo mfumo haukuona kitu, dereva alikuja na kijani yake halali kabisa. Na sehemu nyingine hawatumii umeme wa kwenye reli, wanatumia vifaa vinavyohesabu ekseli, ngapi zimeingia ngapi zimetoka, huko hata udondoshe boriti ya chuma juu ya reli zote mbili mfumo hauna habari.

Kuna ule waya wenye vibanio viwili, unabana kimoja reli hii na kingine reli ile, unaidanganya njia kwamba kuna treni na taa inageuka. Unaokoa maisha kweli. Lakini ni kwa zile njia za umeme wa kwenye reli tu, na anayeuweka awe amefundishwa, kwa sababu ukikimbilia njiani bila kujua treni inatoka wapi tutakuja kukuokota wewe. Kwahiyo kinachobaki ni simu. Namba ya chumba cha signali, kule wanakoongoza treni na taa, ya moja kwa moja, anayo kila mtu saitini, imeandikwa kwenye helmeti, imebandikwa kwenye mlango wa mashine, pamoja na jina la mahali mlipo kama reli inavyopaita, ile namba ya nguzo au ya daraja la karibu, maana ukimwambia mtu wa signali "tuko pale nyuma ya ghala la kijani" hajui unaongelea wapi.

Great Heck, Uingereza, tarehe 28 Februari 2001, gari lilitoka kwenye barabara kuu likateremka mpaka kwenye njia ya treni. Mwenye gari akatoka salama, akapiga simu ya dharura, na bado yuko kwenye hiyo simu treni ya abiria ikaligonga gari lake. Ile treni iliacha reli lakini iliendelea kusimama wima, halafu mbele ikakutana na treni ya makaa ya mawe inayotoka upande wa pili. Watu 10 walikufa. Lile halikuwa jengo, najua, lakini ni kitu kilichotoka nje ya reli kikaingia kwenye reli, na mtu alifanya alichokijua, alipiga simu, ila simu ya dharura ya kawaida inazunguka kwanza ndo ifike kwa mtu wa signali. Ndo maana nang'ang'ania namba ya moja kwa moja na mnachoka kunisikia.

Tuje kwenye umeme. Njia nyingi zenye waya za juu zina volti 25,000, na huo umeme hausubiri uguse waya, ukisogeza chuma karibu unaruka wenyewe hewani. Bomba la skafoldi, ngazi ya aluminiamu, nondo uliyobeba begani imechomoza nyuma hujui imefika wapi. Na kuna kitu kimoja watu wa kubomoa tunakifanya kila siku bila kufikiria, tunamwagia maji kuzuia vumbi. Maji yale ya mpira yakielekea kwenye waya yenye umeme yanaweza kuuleta umeme mpaka mkononi mwako. Kwahiyo mwelekeo wa maji unapangwa, anayeshika mpira anaambiwa simama hapa, elekeza kule, usigeuke. Na kule ambako umeme unapita kwenye reli ya tatu pale chini, volti 750, hapo hatari iko usawa wa buti yako, na bomba moja la skafoldi likiteleza tu limeshafika.

Mkiambiwa umeme umezimwa msikubali neno. Umezimwa, umepimwa, waya zimefungwa ethi, yaani zimeunganishwa na ardhi kwa ile kebo nene, na kuna karatasi yenye sahihi inayosema kutoka nguzo ipi mpaka nguzo ipi na mpaka saa ngapi, ndo umezimwa. Nimewahi kufanya kazi na msimamizi mmoja ambaye alikuwa anatuanzisha kazi kwanza halafu kibali anakifuata mchana, anasema reli wanachelewesha tu. Alikuwa sahihi kwamba wanachelewesha, wiki na wiki wakati mwingine miezi, ndo maana maombi ya kufungiwa njia, yaani treni zisipite saa za kazi yenu, yanaandikwa kabla hata hujakodi mashine. Jengo kando ya reli linabomolewa kwa ratiba ya reli. Ukishalikubali hilo mambo mengine yote yanakaa sawa, ukilikataa utabishana nalo mpaka siku ya ajali.

Sasa ukuta wenyewe. Ukuta wa tofali kwenye jengo la zamani unasimama kwa sababu umeshikwa. Umeshikwa na sakafu, umeshikwa na kenchi, umeshikwa na kuta za pembeni zinazoingiliana nao kwenye kona. Unapobomoa unaondoa vinavyoushika, kimoja kimoja, na ukuta haukwambii, unaendelea kusimama vile vile kama jana mpaka dakika moja unaamua. Philadelphia, Marekani, Juni 2013, walikuwa wanabomoa jengo mtaani, sakafu zikatolewa ukuta ukaachwa umesimama peke yake juu hauna kinachoushika, pembeni yake chini kuna duka lina wateja ndani. Ukuta ukaangukia duka. Watu 7 walikufa. Gwangju, Korea Kusini, tarehe 9 Juni 2021, jengo la ghorofa 5 likiwa linabomolewa likalala lote kuelekea barabarani, na pale mbele yake kuna kituo cha basi, basi lilikuwa limesimama. Watu 9 walikufa na 8 waliumia, abiria tu, hawakuwa na habari na kazi ile. Mimi nikisoma habari ile ya Gwangju nafikiria kituo cha treni, behewa lililojaa watu limesimama kwenye jukwaa na jengo la nyuma yake linakuja.

Kwahiyo ukuta wa upande wa reli ndo unapangiwa kazi wa kwanza, hata kama utashuka wa mwisho. Unaanza kwa kuutenga. Unakata jengo, kwa mkono, unaacha nafasi wazi kati ya kile kipande cha kuelekea reli na jengo lililobaki, ili mashine ikija kula upande wa pili isije ikavuta boriti moja ndefu ambayo ncha yake imechomekwa kwenye ule ukuta. Boriti ndefu zina tabia hiyo, unavuta huku inasukuma kule. Nimeiona, kijana anavuta na ekskaveta mita 15 kutoka kwenye ukuta, ukuta unatikisika na yeye haelewi kwa nini watu wanapiga kelele.

Halafu ule ukuta unashushwa kwa mkono kutoka juu, mstari kwa mstari, tofali linaingia ndani, halitoki nje hata moja. Upande wa reli kuna skafoldi iliyofungwa barabara, mbao mbili mbili bila mwanya, na kizuizi kigumu cha plaiwudi kabla ya wavu, wavu peke yake haushiki tofali zima linaloanguka. Na turubai zinazofunika skafoldi zinakaguliwa kila siku asubuhi na kila upepo ukibadilika, kwa sababu turubai likichomoka likajizungusha kwenye waya za umeme umefunga reli nzima, na likining'inia kwa mbele dereva haoni taa. Kila jioni kabla ya kuondoka fomeni anajiuliza swali moja kuhusu kila kipande kilichobaki, usiku huu kinashikwa na nini? Kama jibu halionekani kwa macho basi hamjamaliza siku, mnaweka nguzo za kuegemea au mnashusha mpaka mahali ambapo hata kikianguka hakifiki reli.

Mashine zinakaa upande wa pili na zinaelekea ndani. Mnapima chini, kwa futi ya kitambaa si ya chuma, mkono wa mashine ukinyooka wote na mashine ikapinduka kuelekea reli, ncha inafika wapi? Winchi ndo kabisa, urefu wa mkono na mzigo unaoning'inia na bembea ya mzigo. Ikifika ndani ya eneo la reli, kazi hiyo haifanyiki treni zikipita, hamna mjadala, hata opareta awe na miaka 30 ya kazi. Na mashine inasimama juu ya nini? Mara nyingi inasimama juu ya sakafu ya jengo lile lile, na chini ya sakafu kuna basimenti, chumba cha chini ya ardhi, ambayo hakuna aliyeifungua.

Hiyo basimenti naomba nikae nayo kidogo maana watu wengi hawaifikirii. Majengo haya ya zamani ya reli mengi yamejengwa yakiegemea tuta, reli iko juu jengo liko chini. Ukuta wa nyuma wa basimenti ndo unaozuia udongo wa tuta, na huo ukuta nao unasukumwa na udongo kila siku, kinachouzuia usiingie ndani ni sakafu zilizoubana kutoka upande wa pili. Wewe unakuja unaona sakafu mbovu imeoza unaitoa. Umeondoa mkono uliokuwa unashikilia reli. Haitaanguka siku hiyo labda. Mvua ikinyesha udongo ukalowa ukaongeza uzito, au ukiwa umejaza kifusi kwenye mfereji maji hayatoki, tuta linasogea, milimita chache tu, na milimita chache kwenye reli ni kitu kikubwa kwa treni inayopita kwa kasi. Ndo maana kabla ya kugusa chochote mnaweka vioo vidogo vya kupimia pembeni ya reli na kwenye tuta, mnapima hali ya mwanzo siku kadhaa, halafu mnaendelea kupima kazi ikiendelea. Na mnakubaliana mapema kwa maandishi, ikisogea kiasi hiki tunasimama tunafikiria, ikisogea kiasi hiki treni zinapunguzwa mwendo au zinasimamishwa, na nani anapiga simu. Msikae mkasubiri isogee ndo muanze kutafutana.

Kebo pia ziko chini huko, kebo za signali, za simu, zimepita kwenye mifereji iliyo karibu na msingi, michoro ya zamani inasema ziko kushoto unachimba unazikuta kulia. Mnatafuta kwa kifaa kisha mnachimba kwa mkono.

Asbestosi najua mmesikia sana, nitapita haraka. Mapaa ya zamani ya reli yamejaa mashiti ya asbestosi, yana nyuzi ndogo zinazodhuru mapafu ukizivuta, hayakanyagwi maana yanapasuka chini ya mguu, hayavunjwi, yanatolewa mazima yakiwa yameloweshwa na yanafungwa. Hapa kando ya reli ongeza tu kwamba upepo wa treni unachukua nyuzi zile unazitembeza mpaka kwenye jukwaa la abiria, kwahiyo eneo la kutolea linafunikwa lote. Na kila asubuhi kabla ya kazi mtu anaingia na tochi anapita kila chumba, jengo lililoachwa halijaachwa na kila mtu, kuna watu wanalala humo na kuna watoto wanacheza.

Kuhusu baruti sina mengi. Inafanyika, treni zote zikiwa zimesimamishwa na njia imefunikwa na kukaguliwa upya kabla ya kufunguliwa. Lakini Canberra, Australia, mwaka 1997, walipolipua hospitali ya zamani kipande cha chuma kiliruka zaidi ya mita 400 kikamuua mtoto wa miaka 12 aliyekuja kuangalia na familia yake. Na Didcot, Uingereza, Februari 2016, sehemu kubwa ya jengo la mtambo wa umeme uliokuwa umefungwa ilianguka wakati mafundi bado wanaliandaa kulipuliwa, wafanyakazi 4 wakafa, na ilichukua zaidi ya miezi sita mpaka mwili wa mwisho kupatikana. Ile kukata kata nguzo kabla ya kulipua, kudhoofisha jengo likiwa na watu chini yake, hiyo ndo inanitisha kuliko mlipuko wenyewe.

Msinielewe vibaya kwamba kazi hii haiwezekani. Pennsylvania Station ya New York, jengo kubwa la mawe, lilianza kubomolewa Oktoba 1963 na treni ziliendelea kupita chini yake muda wote wa kazi. Euston ya London ilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 60 stesheni ikiendelea kupokea abiria. Waliobomoa hawakuwa na vifaa tulivyonavyo sisi leo. Mimi majengo yale mazuri nayasikitikia hata leo, ila kwa upande wa kazi yanaonyesha kwamba kupanga kunawezekana.

Cha mwisho ni kurudisha njia, na hapa ndo uchovu unapoua watu. Tuseme mmefungiwa njia kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri. Kazi inasimama saa tisa. Lile saa moja lililobaki ni la kukagua, na nimeshapigiwa simu na bosi saa tisa kasoro akaniomba nusu saa tu, amebakiza kipande kidogo, nikamwambia hapana na mwaka ule sikupata kazi nyingine kwake. Mnahesabu vifaa vilivyoingia na vinavyotoka, kila tindo, kila mtarimbo, kila kipande cha skafoldi. Mnatembea njia yote kwa miguu na tochi, wawili, mmoja kila upande. Kwenye njia panda ya reli, pale treni inapohamishwa kutoka njia moja kwenda nyingine, mnapiga magoti kabisa mnaangalia kwenye ule ulimi unaosogea, kwa sababu kipande cha tofali ukubwa wa ngumi kikikaa pale ulimi haufungi, treni ya kwanza ya asubuhi inasimama na watu wote nyuma yake wanasimama. Mnaangalia juu pia kwenye ukuta uliobaki, mnaangalia waya. Ethi zinatolewa na waliozifunga, wote wanahesabiwa wakiwa nje ya uzio, ndo mwenye kibali anapiga simu chumba cha signali, anataja jina lake, anataja njia, anasema iko wazi, na yule wa upande wa pili anamrudishia maneno yale yale neno kwa neno mpaka yalingane.

Halafu subirini msiondoke. Mimi husimama mpaka treni ya kwanza ipite, nimeshika turubai la mwisho kwa mkono nione linavyovuta.

Basi, naona kuna wenzetu wamekuja na michoro ya majengo yao, na yule kijana wa pale ana picha ya ghala lenye basimenti. Ileteni hapa mbele mezani tuifungue, na aliye na vipimo vya umbali kutoka reli avisome kwa sauti.